Gari Lishukapo Mlima

Sisi tuliozaliwa Unguja hatuna mlima. Mahali palipo juu kabisa katika kisiwa chetu ni kilima cha Masingini, nacho hakifiki hata mita 150 juu ya bahari. Mtu akipanda gari Darajani akaenda Nungwi, au Chwaka, au Makunduchi, dereva wake aweza kwenda njia nzima pasipo kufikiri hata mara moja juu ya uzito wa gari lake. Hata lile gari la moshi la Bububu, lililoanza kazi mwaka 1905, lilifuata pwani tu, na kilima hakikuwa shida yake.

Kwa sababu hii mtu wa Unguja asafiripo bara, akafika mahali ambapo njia yapanda ubavuni mwa mlima kama ngazi ya mnara, huogopa pasipo pa kuogopa, na penye kuogopwa husinzia. Wakati wa kupanda huogopa, kwani aona bonde chini ya dirisha na asikia injini ikilia. Wakati wa kushuka, injini imenyamaza, gari lateleza kwa raha, upepo waingia. Basi yeye huegemeza kichwa akalala. Leo nataka kueleza kwa nini mambo ni kinyume cha hivyo, yaani kwa nini kushuka ndiko kwenye hatari, na nini yapasa dereva afanye, na nini abiria aweza kufanya. Mara nyingi husemwa kwamba ajali ni kazi ya Mungu, na hapana mtu aijuaye saa yake. Sikatai. Lakini joto la breki lapimika, nalo lina sababu zake.

Mfano nitakaoutumia ni njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, kwani watu wengi wa visiwani hupita huko kwa biashara, kwa masomo, au kutembelea jamaa. Msafiri huvuka bahari kutoka bandari ya Malindi mpaka Dar es Salaam, kisha hupanda basi kubwa, akapita Chalinze na Segera na Korogwe, mpaka Mombo. Mombo ni mji wa joto chini ya mlima, yapata mita 400 juu ya bahari. Reli ya Wadachi iliyotoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kutoka hapo wakapanda mlimani mpaka mji wao waliouita Wilhelmstal, ndio Lushoto ya leo, yapata mita 1,400 juu ya bahari. Mabasi makubwa mengine hupanda mpaka juu, lakini abiria wengi huingia katika yale magari madogo ambayo sisi twayajua kwa jina la daladala, na watu wa bara huyaita haisi, au kipanya, na makubwa yake kidogo huitwa kosta.

Huko juu ndiko kwa Washambaa. Mfalme wao mkubwa, Kimweri ye Nyumbai, aliyekuwa na makao yake Vuga na aliyefariki mwaka 1862, alijulikana sana Unguja, kwani majumbe wa baadhi ya miji ya Mrima walitaka kutambuliwa naye na kutambuliwa na Seyyid wa Unguja vile vile. Wajumbe wa siku zile walipanda kwa miguu, na kwa miguu wakashuka. Hapana breki iliyoungua.

Sasa tazameni njia yenyewe. Ni ya lami, nyembamba, ina urefu wa yapata kilomita 33, na ndani ya kilomita hizo yapanda mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Watu huuliza: mbona haikunyoshwa? Mbona yazunguka kama nyoka, gari likageuka kulia, mara kushoto, na baada ya robo saa bado waona paa zile zile za Mombo chini yako? Jawabu lake liko bandarini kwetu. Mwangalieni hamali apakiapo gunia jahazini. Akiwekewa ubao mfupi, ubao husimama wima, naye hawezi kupanda. Akiwekewa ubao mrefu, ubao hulala, naye hupanda na gunia lake. Urefu wa kupanda ni ule ule, ila ameulipa kidogo kidogo kwa hatua nyingi. Waliochora njia ya Lushoto walifanya vivyo hivyo. Mita 1,000 za kupanda wakazigawa katika kilomita 33, hata kwa wastani kila mita 100 za njia zapanda mita 3 tu. Lakini huo ni wastani. Pana mahali njia i karibu na tambarare, na kwa hiyo pana mahali pengine ambapo ni kali zaidi ya hapo maradufu.

Katika kupanda, injini ndiyo ifanyayo kazi. Dereva huteremsha gia, kutoka ya nne kwenda ya tatu, na kutoka ya tatu kwenda ya pili, injini huzunguka mbio na magurudumu huzunguka polepole, na ndio maana ya ile sauti ya kulia. Sauti hiyo isiwatishe. Likiharibika jambo katika kupanda, mara nyingi ni maji ya rejeta kuchemka. Gari husimama, abiria hushuka wakanung'unika, dereva hungoja ipoe. (Asiifungue rejeta ikali na joto, kwani maji hutoka kwa nguvu yakamchoma uso.) Gari lililoshindwa kupanda husimama lenyewe. Lishindwalo kusimama ni lile linaloshuka.

Mambo mengine ya kupanda ni madogo, nami nitayapita upesi. Masikio huziba, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi kuliko hewa ya chini, na ile iliyobaki ndani ya sikio yatafuta njia ya kutoka; mezeni mate au pigeni miayo, na mtoto mchanga apewe ziwa. Baridi huongezeka, kwani kila mita 1,000 za kwenda juu hupunguza yapata digrii 6 za joto, kwa hiyo mtu aliyetoka Mombo akitoka jasho huweza kutetemeka Lushoto jioni ile ile. Chukueni koti. Ama kigegezi, watu wa bahari mwakijua: anayekiona aketi mbele, atazame njia iliyo mbali, asisome wala asitazame simu yake. Mtakapofika juu mtastaajabu kwamba maharage huchelewa kuiva. Sababu yake ni ile hewa nyepesi, kwani maji ya Lushoto huchemka kwenye digrii 95 hivi, hayangoji 100, basi chungu chatokota na joto lake ni dogo kuliko la chungu cha Unguja.

Basi na tugeuke sasa, tushuke.

Mmemwona hamali wa mkokoteni afikapo mahali palipoinama? Haendi tena kwa kusukuma. Hugeuka, akaweka mgongo wake dhidi ya mzigo, akakaza visigino, na mkokoteni wamsukuma yeye. Kazi yake sasa ni kuzuia, nayo yachosha kuliko kuvuta. Gari la abiria nalo ni hivyo hivyo. Uzito wake wote wataka kwenda chini, na ni lazima kitu fulani kiuzuie njia nzima, kutoka Lushoto mpaka Mombo.

Wanafunzi wa hesabu wanaweza kupiga hesabu hii ubaoni. Gari dogo pamoja na abiria wake huweza kufika tani 3. Likishuka mita 1,000, nguvu inayotoka katika uzito ule ni yapata jouli milioni 29. Tarakimu hiyo haina ladha kwa mtu asiyesoma fizikia, basi naigeuza kuwa kitu cha jikoni: joto hilo latosha kuchemsha madebe manne ya maji yaliyokuwa baridi. Madebe manne, kwa safari moja ya kushuka! Nalo joto hilo halipotei bure. Sehemu huchukuliwa na upepo unaopiga gari. Iliyobaki yataka mahali pa kwenda, na mahali pake ni pawili tu: ama injini, ama breki.

Breki ya gari ni pedi zinazobana chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Zikibana, husuguana, na msuguano huleta joto. Kwa kusimama mara moja pale Mwanakwerekwe si kitu. Chuma hupata moto kidogo, kisha hupoa. Lakini dereva akiukanyaga mguu wa breki mfululizo kwa dakika ishirini, chuma hakipati nafasi ya kupoa. Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, pedi zikipata moto kupita kiasi huwa kama zimepakwa mafuta. Dereva hukanyaga kwa nguvu ile ile, na gari halishiki kama mwanzo. Pili, nguvu ya mguu wake hupelekwa magurudumuni na mafuta ya breki yaliyo ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na yakizeeka huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, bali mvuke wabonyea kama mpira. Basi dereva hukanyaga, na mguu wazama mpaka sakafuni, na gari lakwenda zake. Breki ile ilikuwa nzima pale Lushoto alipoondoka. Haikukatika, wala haikutegwa na mtu.

Njia ya pili ni injini, nayo madereva wazee wa milimani waijua sana. Dereva akiwa katika gia ya pili, akainua mguu kutoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo sasa yanayoizungusha injini, na injini haitaki kuzungushwa. Huvuta nyuma, kama yule hamali na visigino vyake. Injini ina maji yake na rejeta yake ya kuipoza, kwa hiyo yaweza kufanya kazi hiyo mchana kutwa. Kanuni yao ni kwamba gia iliyokupandisha mahali ndiyo ikushushe hapo. Breki huguswa kidogo karibu na kona, kisha huachwa ipoe. Tena gia huteuliwa juu, kabla ya kuanza kuteremka, si katikati, kwani gari likisha kushika mbio, gia ya chini hukataa kuingia, na dereva aliyekwisha itoa ya juu hubaki mikono mitupu.

Kwa hiyo, mwenzangu abiria, ile sauti ya injini uliyoiogopa katika kupanda ndiyo unayotaka kuisikia katika kushuka. Gari linaloshuka likinung'unika lashikwa na injini. Kimya ndicho kibaya.

Mbona basi madereva wengine hutoa gia, wakaliacha gari lijiendee lenyewe? Husema wanaokoa mafuta. Yatupasa tuwaelewe kabla ya kuwalaumu, kwani gari si lao. Jioni ni lazima wapeleke hesabu kwa tajiri, na lita moja iliyobaki ni chakula cha nyumbani. Lakini injini nyingi za siku hizi, gari liwapo ndani ya gia na mguu usipokuwa kwenye mafuta, hujikatia mafuta zenyewe. Likitolewa gia, injini hutaka mafuta kidogo ili isizimike. Basi yule aliyetoa gia atumia mafuta, na mwenzake aliye ndani ya gia hatumii! Wako pia wanaoizima injini kabisa, nao wafanya vibaya kuliko wote, kwani injini ndiyo inayosaidia mguu wa breki na usukani. Ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache breki huwa nzito kama jiwe, na usukani hukaza.

Jambo moja zaidi ambalo nimeliona mara nyingi pale Lushoto. Gari hupanda likiwa na watu na vikapu vyepesi. Hushuka likiwa na watu wale wale na magunia ya kabichi, karoti na viazi, na matenga ya matunda, mengine yamefungwa juu ya paa. Milima ndiyo inayolisha miji ya pwani, hata sokoni Darajani twanunua kabichi na karoti za bara, nami sina ugomvi na mboga. Lakini safari ya kushuka, iliyo ngumu kwa breki, ndiyo inayopewa mzigo mkubwa, na mzigo wa paani hulifanya gari liyumbe katika kona. Kila gunia laongeza maji katika yale madebe manne.

Nawaombeni mkumbuke tarehe 6 Mei 2017. Asubuhi ile basi dogo la wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha lilikuwa likienda Karatu, ambako watoto wangefanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao. Mvua ilikuwa imenyesha. Katika mteremko wa Rhotia gari liliiacha njia likaanguka bondeni. Walikufa watoto 32, walimu wao 2, na dereva. Watoto watatu tu waliokolewa. Mimi sikuwako, wala sitasema nani alikosa. Natumia habari hii kwa kuwa mimi ni mwalimu, nami huwapeleka vijana safari, na kila nikipanda nao gari huitazama njia iliyo mbele na kuuliza: hapa twapanda, au twashuka?

Abiria si mzigo. Ana macho, pua na ulimi. Safari moja tulikuwa twashuka kutoka Soni, gari limejaa, nami nimeketi nyuma ya dereva. Ikaja harufu kali kama ya kitambaa na mpira vinavyoungua. Watu wakafungua madirisha. Mzee mmoja wa Kishambaa, aliyekuwa na jogoo magotini, akanyosha mkono akamgusa dereva begani.

"Mwanangu, gari lanuka."

"Ni kawaida yake, babu. Tukisimama hapa, hawa watalikosa basi la Dar es Salaam."

"Basi la Dar es Salaam lipo na kesho. Tafuta mahali pa upana, usimame. Sisi tutakungoja."

Kondakta akacheka, lakini mama mmoja akasema, "Msikilize babu yako," na mwingine akaitikia, na dereva akaona aibu kushindana na watu wote. Akasimama penye uwazi, kijana mmoja akaweka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu. Kondakta akachukua chupa ya maji amwagie magurudumu yapoe, na dereva, kwa sifa yake, akamzuia, kwani chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Tukakaa nusu saa majanini. Mzee akatununulia ndizi. Tulipoondoka dereva alitia gia ya pili, na gari likanung'unika mpaka Mombo.

Angalieni jinsi mzee yule alivyosema. Hakumtukana dereva mbele ya watu, wala hakumwambia kwamba hajui kazi. Alimpa harufu kuwa shahidi, na akamwondolea hofu ya kuchelewa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwendesha.

Haya niliyosema juu ya Lushoto ni yale yale katika Kitonga, penye njia ya Iringa, na Sekenke, penye njia ya Singida. Ni yale yale pia kwa atakayevuka mipaka akafika Uganda, katika nchi ya Kabale na Kisoro, ambako njia hupanda juu ya mita 2,000 na mtu huiona volkeno ya Muhavura, mita 4,127, imesimama mbele yake. Mvua na ukungu wa huko si haba, na njia yenye matope ya maporomoko hupunguza nguvu ya breki hata zikiwa baridi. Akivuka kuingia Rwanda na akumbuke kwamba magari huko hushika upande wa kulia, nasi twashika wa kushoto. Gari lililotengenezwa kwa nchi zetu, mlango wake wa abiria hufunguka upande wa kushoto, yaani katikati ya njia ya Rwanda. Mtu wa Unguja aliyezoea kuruka chini mara gari lisimamapo, huko atatua mbele ya lori.

Iwapo mguu wa breki umezama na gari halishiki, dereva bado ana la kufanya. Aukanyage na kuuachia upesi upesi mara kadhaa, pengine nguvu hurudi kidogo. Ateremshe gia moja moja. Avute breki ya mkono polepole, asiivute kwa ghafula, magurudumu ya nyuma yasije yakakwama gari likageuka. Na yakishindikana yote, alielekeze gari upande wa ukuta wa mlima, alikwaruze ubavu wake kwenye udongo au kwenye mtaro, na liharibike. Upande wa bonde usiguswe kamwe. Abiria wafunge mikanda ikiwapo, wainame, washike kiti kilicho mbele yao, na mtu asiruke nje.

Kwa atakayekwenda wiki hii: magari ya asubuhi ni bora, kwani ukungu huondoka jua likipanda, na dereva bado hajachoka. Kabla ya kushuka kutoka Lushoto tazameni mzigo uliofungwa juu ya paa, na kama ni mwingi kupita kiasi, lipo gari lingine nyuma yake. Ketini mahali mnapoweza kuisikia injini.